Wasifu wa Eufrazia Damiano Kasonso, Aliyetaja Nyumba Kumi na Saba

Eufrazia Damiano Kasonso alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Usevya, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Damiano Kasonso na Mama Mary, wote marehemu, wakulima wa mpunga. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mimi ninayesoma ni Fausta, mdogo wake anayemfuata. Familia ilitaka maneno haya yaandikwe na mtu mpole zaidi. Nilikataa.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1986. Alipokuwa darasa la nne, bustani ya shule iliharibiwa na wanafunzi wakaulizwa ni nani. Darasa zima lilijua na darasa zima lilikaa kimya. Eufrazia akanyoosha mkono, akasema, "Ni mbuzi wako, Mwalimu." Alichapwa viboko vinne. Jioni baba alimuuliza kwa nini hakunyamaza kama wenzake, naye akajibu kwamba aliulizwa. Baba alicheka mpaka akaketi chini. Tulikuwa tunasimuliana kisa hicho kila Krismasi.

Mwaka 1989 alikuja Mpanda kujifunza ushonaji kwa masista, na mwaka 1992 alipata kibanda chake karibu na soko, Kashaulili. Alishona sare za shule kwa miaka thelathini na mbili. Wengi mliokaa kwenye viti hivi mlikwenda shule mkiwa mmevaa kazi ya mikono yake. Pindo la sketi aliliacha refu ili mtoto akikua lishushwe, mzazi asilazimike kurudi kwake mapema.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Martin Maiko, fundi seremala. Walijenga katika mtaa huu mwaka 1999, wakati bado ni vichaka, na hapa wakalea watoto wao watatu.

Sasa nieleze jinsi alivyokufa, maana msiba huu haukuanza na ugonjwa.

Kuanzia mwaka 2022 nyumba za mtaa huu zilianza kuvunjwa na wezi mchana, watu wakiwa shambani au sokoni. Kila mtu alilia kivyake, ndani kwake. Kwenye mkutano wa mtaa wa Jumapili tarehe 11 Februari 2024, Mwenyekiti alisoma taarifa ya usalama ya mwaka uliopita: matukio mawili. Watu wakapiga makofi. Dada yangu akasimama.

"Mwenyekiti, mimi peke yangu najua kumi na saba," alisema. "Nimepita nyumba kwa nyumba, nimeongea na wenyewe."

Akazitaja zote, moja baada ya nyingine.

Mwenyekiti akamwambia, "Mama Alex, usituchafulie mtaa. Ukisema hivi nani atakuja kupanga hapa?"

Eufrazia akamgeukia mwenye duka ambaye bati lake lilikatwa mwezi wa tisa. "Mzee Haidari, simama uwaambie."

Mzee Haidari hakusimama. Alisema, "Mimi sikuibiwa. Nilihamisha vitu." Upo hapa, Mzee Haidari, nimekuona. Nasoma ulichosema, sijaongeza neno.

Katika nyumba zile kumi na saba alisimama mtu mmoja, Mwanaiddi, Mama Bushra, jirani wa nyuma. Wengine mliangalia chini. Haikuwa kwa kutojua. Vijana watatu wanaovunja nyumba hizo mnawajua kwa majina, mnawajua na mama zao, na wawili wao ni ndugu wa watu waliopo hapa.

Baada ya mkutano ule mkaanza kumwita mama polisi. Salamu zake hazikuitikiwa. Wateja wa mtaa huu walihamishia vitambaa vyao kwa mafundi wengine. Na mimi siwezi kujitoa, kwa sababu nilimwambia, "Dada, rudi Usevya, mambo haya waachie wenyewe." Akanijibu, "Wenyewe ni nani, Fausta? Mimi ninakaa hapa. Na Mama Bushra nimwache na nani?" Nilikasirika, sikumpigia simu wiki mbili.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa saba mchana, alirudi nyumbani mapema kupika, kwa kuwa ilikuwa siku ya miaka thelathini ya ndoa yao. Alikuta vijana watatu wanatoka mlangoni kwake na redio na godoro. Alimwita mmoja kwa jina. Yule kijana akampiga nondo kichwani. Eufrazia aliita msaada. Uchochoro ule una milango saba, na jua lilikuwa utosini. Mwanaiddi ameniambia alisikia makomeo yakifungwa alipokuwa anakimbia kuja. Alimfunga kichwa kwa khanga yake, akampakia kwenye bajaji, akaenda naye hospitali akiwa peku.

Eufrazia alipona nusu. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Hata hivyo jina la aliyempiga alilitamka polisi, likaandikwa. Mwanaiddi alieleza alichokiona, lakini alifika wakati wanakimbia, hakuliona pigo. Mashahidi wa pigo wakatafutwa kwenye ile milango saba. Mmoja alikuwa amelala, mwingine alikuwa safarini, mwingine hakusikia kitu. Kijana akaachiwa, na mwezi wa pili mwaka huu alipita mbele ya dirisha la dada yangu akipiga mluzi.

Mwezi wa nne kichwa kilianza kumuuma upya, akapata degedege. Madaktari walisema damu ilikuwa imevuja tena. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Martin. Sisi wa Usevya tulitaka kumchukua tukamzike kwa wazazi wetu. Alikuwa amekwisha kukataa. Alimwambia mumewe, neno moja moja, "Hapahapa. Wasiseme nimekimbia."

Ameacha mume, Martin, watoto, Alex, Goreth na Spès, wajukuu wawili, na ndugu watano, mimi mmoja wao. Familia inamhesabu pia Mwanaiddi, ndiyo maana ameketi mstari wa mbele.

Ratiba ilikuwa na salamu za mtaa. Tumeziondoa, Mwenyekiti, naomba ubaki umekaa. Kesho Jumatano saa tatu asubuhi mimi na Mwanaiddi tunakwenda kituoni, maana sasa kesi si ya kujeruhi tena. Mwenye rambirambi kutoka ile milango saba atukute pale.

Eufrazia, Mungu akupe utulivu ambao mtaa huu ulikunyima.