Mhandisi Gaudensia Severini, Aliyekituliza Kijito cha Nsungwa

Marehemu Mhandisi Gaudensia Severini alizaliwa Mwamkulu tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa Mama Josephina na marehemu Mzee Severini. Alikuwa mtu wa kushangilia. Mgeni akibisha hodi alishangilia, ugali ukiiva alishangilia, na mvua ikianza kugonga bati, hakuna aliyeweza kumzuia ndani.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mwamkulu, sekondari Mpanda mjini, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 2004. Alianzia kazi Sumbawanga kwenye barabara, na mwaka 2011 akarudi nyumbani Mpanda kusimamia mitaro na madaraja.

Tarehe 5 Januari 2008 alifunga ndoa na Mwalimu Didace, mzaliwa wa Katumba. Siku hiyo mvua ilinyesha kama imeagizwa. Msafara ukielekea ukumbini, bibi harusi akasimamisha gari, akakunja gauni na kwenda kuchungulia kalavati linalopitisha maji chini ya barabara.

"Didace, njoo uone maji yanavyopita!"

"Mke wangu, watu wanatusubiri, wali unapoa."

"Dakika moja tu!"

Picha iliyopo sebuleni kwao ni ya wakati huo: bibi harusi kainama juu ya mtaro, viatu mkononi.

Machi 2020, Kijito cha Nsungwa kilifurika mchana kweupe, kikaingia Misunkumilo, mtaa wao hapo Mpanda, na kubomoa nyumba. Kilimchukua Lucia, jirani na rafiki yake Gaudensia, aliyerudi ndani kuokoa cherehani yake. Kwa muda mrefu nyumba ya Gaudensia ilikuwa kimya. Kisha akaanza kuchora. Alitaka kijito kipanuliwe, kingo zijengwe kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, na huko juu liwepo bwawa la kuzuia maji yasishuke mjini yote kwa pamoja. Bonde lililofaa kwa bwawa lilikuwa Mwamkulu, kwenye shamba la mpunga la familia, lililokuwa likilimwa na kaka yake, Amosi.

"Gaude, unataka kuzamisha shamba la baba kwa ajili ya watu wa mjini?" Amosi alimuuliza.

"Halizami moja kwa moja, kaka. Maji yatakaa siku chache, yakitoka kidogo kidogo kwenye bomba. Mpunga utaulima kama kawaida."

"Na bomba likiziba?"

Swali lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Alirudi ofisini akabadilisha mchoro, akaongeza njia ya pili ya kutolea maji na wavu wa chuma wa kuzuia magogo. Amosi alipoonyeshwa, akasema, "Haya, chimbeni. Ila nimekukubalia wewe, sijaikubalia serikali."

Ujenzi ulikamilika Oktoba 2024. Wakati huo tayari Gaudensia alikuwa mgonjwa. Mwezi Juni aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Tarehe 11 Februari 2025 mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi Amosi akapiga simu kutoka Mwamkulu. "Gaude! Bwawa limejaa, na maji yanatoka taratibu! Taratibu kabisa!"

Gaudensia akatupa blanketi pembeni. Didace alijaribu kumzuia, akaishia kumbeba mpaka kwenye bajaji. Kwenye daraja la Nsungwa walikuta watu wamejaa. Maji mekundu yalikuwa yakinguruma, yamepanda karibu na ukingo, lakini hayakuvuka.

"Yanapita!" Gaudensia alipiga kelele, akimgonga dereva mgongoni. "Jamani, yanapita!"

Akina mama wakapiga vigelegele, bodaboda wakapiga honi. Gaudensia alicheka mpaka pumzi ikamkatika, halafu akalitaja jina la Lucia, akalia.

Alifariki nyumbani kwake Misunkumilo tarehe 2 Aprili 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Ameacha mume, Mwalimu Didace. Watoto wawili, Danford na Rosine. Kaka yake, Amosi. Na mama yake. Mama Josephina ameomba kwamba kaburi likishafukiwa, wanawake wote wampigie binti yake vigelegele, maana kimya hakukipenda.

Mungu ampokee Gaudensia, na ampe pumziko lenye amani.