Historia ya Marehemu Tsuneo Kuramochi, Aliyemchora Shujaa kwa Mgongo

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Ogikubo, na nyinyi wenzake wa studio ambao naona wengine mmekuja na wino vidoleni, mimi ni Chizuru, mdogo wake marehemu, na nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake kwa sababu wifi yangu Fumie amesema akisimama hapa atacheka, na mjane akicheka msibani watu hawakosi la kusema.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 mjini Kiryu, mkoa wa Gunma, mtoto wa kwanza wa Bwana Eikichi, mfumaji wa hariri, na Bi Toyo, na kwa kuwa tarehe hiyo ni sikukuu ya mabinti, alitaniwa nayo tangu utoto hadi mvi, nami nikiwa mtaniaji mkuu.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kiryu Aprili 1964, akamaliza sekondari Machi 1976, akiwa amefaulu kuwachora walimu wake wote na kufeli hesabu, na mwezi uliofuata alipanda treni kuja Tokyo, baba akiwa amenuna na mama akiwa amemfungia wali wa kuvingirishwa kwenye mwani, akaajiriwa katika studio ndogo ya filamu za katuni hapa Ogikubo, kazi yake ikiwa kuchora zile picha za katikati zinazounganisha mwendo mmoja na mwingine, hadi mwaka 1994 alipofanywa mkuu wa wachoraji.

Tarehe 10 Novemba 1985 alifunga ndoa na Fumie, aliyekuwa akipaka picha rangi katika chumba cha pili cha studio, na tarehe 21 Juni 1989 Mungu na mababu waliwajalia binti mmoja, Sayoko, na hapa nitasema kweli hata kama yeye mwenyewe amelala mbele yangu: kaka yangu alikuwa baba wa kutafutwa, siku zote yuko mezani ameinama, mpaka Sayoko akahamia Osaka na salamu zikawa za mwaka mpya tu, na siku moja nilipomgombeza alinijibu, “Shangazi, unanilaumu bure, mimi baba yangu nimemjua kwa kisogo.”

Mwaka 2016 studio yake iliungana na kampuni moja ya Marekani kutengeneza filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, iitwayo Mlinzi wa Mnara, na pande zote mbili zilisaini na kupeana mikono bila mtu kuuliza jambo dogo kabisa, kwamba sisi huchora kwanza, kisha waigizaji huja kuingiza sauti juu ya picha, kwa hiyo midomo mitatu inatutosha, uliofumba, ulio nusu na ulio wazi, ilhali wenzetu hurekodi sauti kwanza, kisha mchoraji hufuata kila mkunjo wa mdomo, na kila upande ukadhani dunia nzima inafanya kama yeye.

Februari 2018 sauti zilifika kutoka Marekani, zikawekwa juu ya picha, na shujaa katika hotuba yake ya mwisho akawa anapanua mdomo kama samaki aliyetolewa majini, na katika mwezi huo huo daktari alimwambia marehemu kwamba ana saratani ya mapafu, naye hakuuliza ataishi miaka mingapi, aliomba jambo moja tu, afikishwe mwisho wa filamu.

Bi Marlene Stoddard, msimamizi wa upande wa Marekani, alikuja mwenyewe, akataka hotuba yote ichorwe upya, midomo yote, na sote tulijua kaka hana pumzi ya kazi hiyo, lakini yeye alikohoa, akanywa chai, akasema, “Mama, tumgeuze, aseme akiwa ametupa mgongo,” na bibi yule akashangaa, “Mzee Kuramochi, watu wa kwetu shujaa akiongea wanataka kumwona uso!” naye akamjibu, “Kwetu mtoto hukua akiutazama mgongo wa mzazi, naamini hata kwenu wazazi wana migongo,” na bosi wa studio yetu akadakia, “Sema tu umeikimbia midomo, mjanja wewe!” na marehemu hakukana, alisema, “Yote mawili,” wakacheka mpaka bibi yule akakubali, kwa sharti kwamba mgongo huo useme kweli.

Aliuchora akiwa na mtungi wa oksijeni kando ya meza, Fumie akimshikia karatasi, na filamu ikakamilika tarehe 14 Desemba 2018, na Januari ilipoonyeshwa kwa wafanyakazi na jamaa katika ukumbi mmoja wa Nakano, Sayoko alikuja kutoka Osaka kwa kulazimishwa, akakaa karibu yangu amekunja mikono, na shujaa alipogeuka, bega la kushoto likiwa chini kuliko la kulia, shingo imeinama kidogo, alinishika mkono akasema kwa sauti watu wakasikia, “Shangazi, huyo ni baba,” akainuka, akapita katikati ya viti hadi kwenye kiti cha magurudumu cha baba yake, akapiga magoti mbele yake amtazame usoni, na hakurudi tena Osaka mpaka leo.

Marehemu alifariki kwa utulivu asubuhi ya tarehe 2 Machi 2019, mkono wake mikononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini, baada ya majuma ya maumivu ambayo sisi tulioyaona hatutaki yasimuliwe, na nasema wazi bila haya kwamba tumelia na tumeshusha pumzi pia, kwani tulihofia kwamba angeondoka kazi haijaisha na mtoto hajamsogelea, na hofu hiyo sasa hatuna.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotimiza ombi lake, majirani mliotuletea supu ya miso bila kuitwa, na Bi Stoddard aliyetoka mbali kuwa nasi, na nyinyi wenzake wa studio, mnaojua kwamba kila jioni mlipomwambia pole na kazi alijibu “bado kidogo” bila kuinua kichwa, simameni sasa mmwambie kwa pamoja, leo hatabisha.

Pole na kazi, kaka. Pumzika.