Maman Priscille, Mwenye Kuuliza Wagonjwa

Tarehe 30 ya mwezi wa sita, Maman Priscille anavua blouse yake ya kazi nyuma ya miaka makumi tatu na moya ndani ya hospitali yetu, hapa Bukavu. Makumi mbili na saba alikuwa infirmière, muuguzi, mu salle ya wagonjwa wanawake. Ine ya mwisho alikuwa na sisi, kwa kufua mashuka. Njo maana wamenituma mimi, Noëlla wa kufua, niandike haya maneno ya kumuaga, hata kama masomo niliachia shule ya primaire. Mutoto wangu Élodie amenyoosha herufi.

Alianza kazi akishuka na miguu toka Nyantende, viatu mukononi juu ya matope. Mu salle yake alikuwa anafunua sufuria zenye famille za wagonjwa zilileta. Akikuta bugali imekauka, anairudisha: "Hii ni tofali, maman. Enda ujenge nayo!" Hata madocta walikuwa wanafuta viatu mbele ya kuingia.

Lakini kazi yake kubwa haiko mu programu ya sherehe ya leo. Mugonjwa akiwa na ugonjwa wa kumumaliza, Maman Priscille alikuwa anangojea amalize uji, akili iko sawa, kisha anaikala kando yake na kumuuliza kwa Mashi, luga yetu: "Roho ikisimama, tukusukume kifua ili irudie, ao tukuache ulale?" Wengi walisema musukume. Wengine walisema muniache. Yote aliandika mu dosye, faili ya mugonjwa, na mugonjwa anatia kidole. Kwetu, kutaja kufa mbele ya mugonjwa ni kumuitia kufa. Yeye alikuwa anajibu: "Chumvi tunamuuliza anataka ngapi, na hii hatumuulize?"

Sasa niseme yenye inanichoma. Mama yangu Cibalonza alilala pale, figo zote mbili zimechoka. Nilimukuta Maman Priscille kando ya kitanda, ameanza kuuliza. Nilimufukuza mbele ya salle muzima: "Toka! Unataka kuua mama yangu? Nani amekulipa?" Mama aliinua mukono, alitaka kusema kitu. Nikamwambia: "Nyamaza, mama, utapona." Kesho yake kaka yangu Raphaël aliandikia wakubwa wa hospitali barua, na mimi nikatia sinyatire, jina langu chini yake.

Siku ya tatu roho ya mama ilisimama. Dosye haikuandikwa kitu, basi walisukuma. Mbavu zilivunjika. Roho ikarudia, siku tisa tu, na siku zote tisa alikuwa analia kila akivuta pumzi, bila kunitambua. Docta hana kosa. Jibu la mama mpaka leo sijue. Kinywa chake nilikifunga mimi mwenyewe.

Kwa sababu ya ile barua wakubwa walimuondosha Maman Priscille mu salle bila kumusikiliza, wakamuleta kwetu akamue mashuka. Sinyatire yangu aliiona, walimuonyesha. Siku ya kwanza alikamata ncha ya shuka, akaniambia: "Vuta kwako, Noëlla." Basi. Miaka ine hakusema ingine. Heri angenitukana.

Leo watamupa kikwembe cha kuvaa na cheti, tutapiga makofi. Lakini ile barua iko mu dosye yake ya kazi, inasema alitaka kuua mutu. Nilienda kuomba waiondoshe. Karani akaniambia karatasi yenye imeingia haitoke tena. Sawa. Basi hii nayo iingie, ikae juu ya ile. Mimi Noëlla nasema mbele ya wafanyakazi wote: hakutaka kuua mama yangu. Alitaka kumusikiliza, na mimi niliogopa.

Watoto wangu nimeshawaambia: roho yangu ikisimama, muniache. Mutoto wangu Cirhuza alikimbia meza. Nilimufuata mpaka inje, nikamaliza kusema, tukalia wote wawili.

Aksanti, Maman Priscille, kwa wale wote uliwasikiliza. Wafanyakazi wote tunakuombea uzee wenye amani, magoti yenye nguvu, na shamba lenye kuzaa. Mimi sikuombe unisamehe hapa mbele ya watu, kwa sababu utalazimika kuitika hata kama hutaki.