Chumba Tulichojenga kwa Darasa la Sita

Bibi Mkaguzi wa Elimu ya Wasichana, Bwana Chifu, Mwalimu Mkuu wetu Bwana Zadock Ogutu, walimu, wazee wa kanisa, wazazi wenzangu, na ninyi wasichana wa Darasa la Tano mliopangwa pale mbele na aproni zenu nyeupe: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Kivuva, katibu wa Kamati ya Wazazi. Nimeombwa nitoe shukrani kabla utepe haujakatwa, na kwa kuwa nimezoea kuandika mambo kwa tarehe, nitashukuru kwa tarehe.

Jumamosi tarehe 12 Aprili, mwaka huu wa 1958, tulianza kubeba mawe kutoka machimbo ya Dagoretti. Mwalimu Mkuu alikuwa ametuambia, mbele ya kamati nzima, kwamba tukijenga chumba kimoja wasichana watapata Darasa la Sita, na tusipojenga, masomo yao yatakomea la Tano. Tulijenga Jumamosi kumi na tatu. Fundi Mutiso aliacha kazi zake za Parklands, akaweka madirisha upande wa kushoto ili mkono wa mwanafunzi usitie kivuli anapoandika, akasakafia ubao wa saruji ukutani na kuupaka rangi nyeusi. Mama Philister alibeba mawe na mtoto mgongoni. Tulipomwambia apumzike, alijibu, “Huyu naye ni msichana. Acheni aone darasa lake likijengwa.”

Jumatatu tarehe 7 Julai wasichana waliingia. Je, wameingia kujifunza nini? Mgeni wetu atapenda kusikia, na mimi nilisikia nyumbani kwangu Jumatano iliyofuata, binti yangu Munyiva aliporudi vidole vimepasuka kwa baridi. Nilimuuliza wamesoma nini.

“Kufua soksi za sufu, baba. Maji yasiwe moto, zitarudi ziwe ndogo.”

Nilimuuliza ni soksi za nani. Akasema ni za kwenye kikapu, na kikapu hutoka kwa mabibi wa Kizungu wa Loresho kila Jumatatu.

“Na hesabu?”

“Hesabu imeachwa kwanza. Mwalimu amesema mpaka baridi iishe.”

Basi, wageni waalikwa, mtakapoingia mtaona pasi sita za makaa kwenye rafu iliyopigiliwa misumari juu ya ubao wa Mutiso. Mtaona kamba za nguo zimepita mbele ya madirisha. Makaa wanaleta watoto wenyewe, kila mmoja kopo moja. Nawasifu wasichana hawa: kwa wiki tatu wamejua kutia wanga kwenye kola na kukunja shati lisiwe na mkunjo hata mmoja, na hakuna atakayesema wamekaa bure. Sisemi kufua ni aibu. Mama yangu alitulea kwa kufua. Lakini ni nani kati yetu alihitaji Jumamosi kumi na tatu za mawe ili binti yake afundishwe kufua soksi? Karai lingetosha, na mama yake.

Ijumaa tarehe 11 nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Namshukuru, alinipa kiti. Aliniambia kwamba amri ya kukifanya chumba hiki cha kufulia imetoka juu, na kwamba Januari hakutakuwa na Darasa la Sita kwa wasichana kwa sababu hakuna chumba. Nikamkumbusha ahadi yake.

“Bwana Kivuva,” akasema, “una barua?”

Sina barua. Mimi ninayeandika hata siku mvua ilipoanza kunyesha sikuomba ahadi ile kwa maandishi, kwa maana niliona haya kumdai mwalimu karatasi. Kosa hilo ni langu, na nalitaja hapa mbele ya waliobeba mawe. Nilipowapelekea habari, Mama Philister aliuliza, “Katibu, na kalamu yote hiyo mfukoni, kumbe tulikuwa tunamjengea dobi?” Watu walicheka.

Jibu la swali hilo wamelipata akina mama wenyewe jana jioni, nami nimetumwa nilitoe. Wasichana wa Darasa la Tano ni kumi na tisa. Kuanzia Jumatatu hakuna atakayeleta makaa. Na Januari, siku ya kwanza ya shule, wote kumi na tisa watakuja, wataingia chumba hiki na kukaa sakafuni, wakingojea mwalimu wa Darasa la Sita. Atakayetaka kuwatoa atawatoa mmoja mmoja kwa mkono wake, mama zao wakiwa wamesimama mlangoni. Safari hii nimeyaandika, na barua hii hapa namkabidhi Bibi Mkaguzi, ina majina yote.

Ratiba inasema nimalizie kwa kumkaribisha mgeni wetu akate utepe. Kazi hiyo naomba apewe mtu mwingine.

Asanteni kwa kusimama katika baridi hii na kunisikiliza.