Jarida Nimemwachia Fundi Saa

Sogeeni, wanangu, mkae hapa hapa kitandani, maana sauti yangu leo haifiki hata mlangoni. Binti yangu, uuguzi wako uuache kidogo, uwe mtoto wangu tu. Na wewe, mwanangu dereva, zima simu. Nina mambo ya kusema, na nikikatizwa huenda nisimalize.

Nyumba hii ni yenu wawili, na msije mkaigawa kwa ukuta. Lakini chumba cha mbele, chenye mashine ya kuchapia na makabati ya jarida, namwachia fundi saa. Najua, dereva, umekwisha kukipima kwa macho uweke duka la vipuri. Usininunie, sikiliza kwanza.

Mimi na marehemu mama yenu tulipoanzisha jarida, magazeti ya mjini yalilikumbuka bonde letu mara mbili tu kwa mwaka, mafuriko yakija na mafuriko yakiondoka. Tukasema nasi tuwe na letu, la hadithi na mashairi ya watu wa bondeni peke yao. Mimi nikawa mhariri, mama yenu akawa mpiga chapa. Nikaweka sharti, tena kwa herufi kubwa, ukurasa wa kwanza: anayeandika humu awe amezaliwa bondeni. Kwa miaka kumi na tisa nililinda sharti hilo kama askari wa lango. Nilimkataa mwalimu mkuu, nikamkataa hata shemeji yangu, na huyo hakunisemesha tena mpaka siku ya harusi yako, binti yangu, tena alinisemesha kuniomba kiti.

Ndipo ikaja hadithi ya fundi saa. Mnamjua, yule mama wa kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na posta, aliyehamia huku akiwa mtu mzima. Ilikuwa hadithi ya foleni ya zahanati: watu wanagombania nani alitangulia, hadi mgonjwa mmoja anapona akiwa bado amepanga foleni, na anakataa kuondoka asije akapoteza nafasi yake. Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha nikaiokota, nikaivaa, nikamwandikia kwamba hadithi ni nzuri ila yeye si wa hapa.

Mama yenu aliisoma nakala ya barua, yenyewe ikiwa imekwisha kwenda. Yeye hakucheka. Aliacha mashine, akaja kusimama mbele yangu, akaniuliza taratibu, "Na wewe, mume wangu, ulizaliwa wapi?"

Ndiyo, wanangu, hili hamlijui. Bibi yenu alinizaa njiani, juu ya lori la kuhamia, katikati ya kabati na magodoro, nusu siku kabla ya kufika bondeni. Mbali na mimi, alimwambia mkwewe peke yake, nami nikamwapisha huyo mama yenu asiseme. Miaka yote ile niliwafungia watu mlango nilioingia mwenyewe nikiwa mgeni.

Kesho yake asubuhi nikaenda kibandani. Fundi saa alinisimamisha, kioo kikiwa jichoni, mpaka alipomaliza saa ya mteja. Halafu akaitoa barua yangu kwenye droo. "Mzee," akasema, "ina makosa mawili ya tahajia." Nikamwomba radhi. Akakubali kunipa hadithi, kwa sharti lake na yeye: barua yangu ichapwe ukurasa unaofuata, na makosa yote mawili yawemo.

Nikachapa. Kinyozi akawa anawasomea wateja, hadithi kwanza, kisha barua, mpaka akamnyoa mtu upande mmoja akasahau wa pili. Toleo lile tulilichapa mara tatu, na kila mtu bondeni alidai ndiye aliyekuwa mbele kwenye ile foleni. Tangu hapo hakuna toleo lililotoka bila jicho la fundi saa. Na mama yenu alipotutoka, yule mama alikuja, akaketi mashineni, akaumaliza ukurasa ambao mwenzangu aliuacha nusu.

Nipeni maji... Ahsanteni.

Haya ni ya mwisho. Funguo mpelekeeni wenyewe, kwa miguu, msitume mtu. Mwambieni alifute lile sharti, maana bado liko ukurasa wa kwanza, na mahali pake aandike nilikozaliwa. Watu wacheke, sitakuwepo kuona haya.

Dereva, sogea zaidi. Daftari la mashairi unalolificha kwenye mfuko wa ndani wa koti... nimelisoma. Ulilitundika koti, ukaenda kuoga. Mengi ni mabaya, mwanangu. Lakini lile la mama yako akipuliza vumbi kwenye mashine... lile mimi nisingeweza kuliandika. Mpelekee fundi saa. Akilirudisha, usinune, kaa uandike tena.

Mungu awatunze... mpendane... wajukuu wangu wakue wakicheka.

Binti yangu, inua mto kidogo. Hivyo.

Sasa toa hilo daftari, mwanangu. Soma. Polepole... nasikia.