Yai Jekundu la Daktari Nizar

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Sheikh Asaad, waheshimiwa madaktari, wauguzi wenzangu, wazee wetu mliokuja na bakora zenu na meno yenu mapya, na wewe Daktari Nizar, unayetuaga leo pamoja na Bi Lamees wako: assalaam alaykum. Mimi Ghanima, mkuu wa wauguzi, nimepewa dakika tano. Wanaonijua wameshakaa vizuri.

Daktari Nizar alitujia hapa Ibra, Oman, kutoka Zahle, Lebanon, kwa mkataba wa miaka mitatu. Kabla yake, mwanao akiumwa jino ulimpakia garini, ukashika njia ya Maskati huku analia mpaka mnafika. Kiswahili alijifunza kwa wazee wetu waliotoka Unguja, na neno lake la kwanza lilikuwa "achama", yaani fungua mdomo wazi. Nani hapa Ibra hajaambiwa achama? Hata Mkurugenzi aliachama, na alilia, mimi nilikuwepo.

Pasaka moja, mkataba ukiwa unakaribia kwisha, alituletea chumba cha chai mayai ya kuchemsha, mekundu, yaliyotiwa rangi kwa maganda ya vitunguu. Akatueleza kuwa Wakristo wa kwao hufunga siku nyingi bila kula yai, lakini kuku hawafungi, basi mayai hujaa nyumbani mpaka yatafutiwe kazi. Wekundu ni damu ya Masihi wao, na ganda ni kaburi. Likivunjika, uhai umetoka. Kwa hiyo hugonganisha mayai ncha kwa ncha, na lako likipasuka umeshindwa.

Turkiya, muuguzi wetu aliyesomea Misri, akasema kule Waislamu na Wakristo wote hupaka mayai rangi siku ya pili ya Pasaka, Shamm an-Nasim, na wenyewe wanasema ni ada ya tangu Mafirauni. Mfamasia akadakia kuwa Waajemi nao huyapanga mezani kwa Nairuzi, mwaka mpya wao. Nikaona nisiaibishwe. Nikawaambia Nairuzi hiyohiyo ilitufikia Unguja, Makunduchi wakaiita Mwaka Kogwa, na wao hawakuhangaika na mayai: watu wazima walitandikana kwa migomba. Je, ndugu zangu, kuna umma wowote duniani unaoweza kupokea msimu mpya bila kugonga kitu?

Siku ile nilimshinda kwa bahati tu. Daktari akanuna, mtu mzima na shahada zake, akaapa mbele yetu sote kuwa haondoki Ibra mpaka amshinde Bi Ghanima. Kesho yake akatia saini mkataba mwingine.

Sasa nasema jambo ambalo hata mume wangu halijui. Nilimpigia simu kaka yangu Harub, mwenye shamba Samad Ash Shan, anayefuga kanga, wale ndege wa madoadoa. Yai la kanga, mabibi na mabwana, ni gumu kama kokoto, na ukilichemsha na maganda ya vitunguu huwezi kulitambua. Miaka minane nimekuja na yai la kanga mfukoni. Miaka minane nimemvunja Daktari, nikala mayai yake, nikala na maamuli ya Bi Lamees, vile vitamutamu vya tende ambavyo majirani zake Waislamu huoka kwa Idi. Na kila mkataba ulipokwisha, alitia saini tena. Ni dhambi? Nimeshamwomba Mola wangu msamaha. Lakini watoto wa Ibra wana meno.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Pasaka, niliingia chumbani kwake bila kupiga hodi. Alikuwa kwenye simu, mjukuu wake wa miaka miwili anamwita Jiddo, Jiddo, yaani babu, anamwonesha jino lililoota. Fundi wa meno mzima, jino la mjukuu wake analiona kwenye kioo cha simu. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Nikarudi nyuma taratibu, nikaenda dukani kununua mayai ya kuku.

Tukagonga. La kwangu likapasuka. Chumba kizima kikapiga vigelegele, Turkiya akapanda juu ya kiti. Daktari peke yake hakushangilia. Aliokota ganda langu, akalisugua kwa kidole gumba, kidole kinachopima meno tangu ujana wake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hili la kuku, Bi Ghanima."

Kumbe alijua. Miaka yote minane alijua, akakubali kuvunjwa apate sababu ya kubaki nasi. Jibu lake nampa leo mbele yenu. Ndiyo, Daktari, ni la kuku, na nililichagua mwenyewe. Nenda ukamwambie mjukuu wako achame.

Nakushukuruni nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Na wewe, Daktari Nizar, ahsante kwa kushindwa.