Wimbo Uliomchosha Mpiga Kodiani

Redio ya dereva wa tramu ilipoanza ule wimbo wa mapenzi wa mwaka sabini na tatu, mzee Zvonko akaguna. "Upuuzi mtupu. Nimeupiga kwa kodiani miaka thelathini, harusi zote za Zagreb. Eti nitakupenda milele."

Bibi mmoja asiyemjua, mwenye kapu la cheri mapajani, alikuwa akitikisa mabega kwa raha. "Mimi niliucheza harusini kwangu. Mume tuliachana kitambo, kaka. Wimbo bado ninao."

"Una utamu gani basi?"

"Kwani wewe uliucheza na nani?"

Tramu ikasimama kituoni kwake, Zvonko akashuka. Miaka yote hiyo kifuani pake palikuwa na kodiani. Mtu angekaa wapi?